Gunia Kati Yangu na Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Juni 2023

Leo nimeanza daftari, na si kwa kupenda. Muuguzi mmoja wa Beni, anaitwa Delphin, ameniamuru niandike kila siku sikio limefanya nini: limelia, limeziba, limekosa kusikia nini. Nilimfuata huko Beni, mtaa wa Mulekera, kwa sababu Mulekera hakuna anayenijua. Hapa Butembo nikionekana naingia zahanati nimeshika sikio, kesho yake parking nzima ya pikipiki za abiria itajua, na keshokutwa hakuna abiria atakayepanda nyuma yangu. Nitabeba mikungu ya ndizi!

Basi. Sikio la kushoto limekufa. Hilo nilijua, lilikufa nikiwa mtoto, lilitoka usaha miezi mingi. Habari mpya ni kwamba la kulia linalifuata. Delphin alisimama nyuma yangu, kisha akaja mbele akaniuliza amesema nini. Nikamjibu hujasema kitu. Kumbe alikuwa amesoma majina ya wagonjwa wote wa asubuhi.

Neno lake la mwisho: usibebe mtu kwenye barabara za milimani mpaka daktari wa masikio akuone. Daktari wa masikio anakuja mwezi wa nane. Watoto wangu wanakula hata mwezi wa sita na wa saba, ndugu Delphin.

Lakini ana haki. Milimani hatuendeshi kwa macho. Kona imejificha nyuma ya mlima, na barabara inatosha Fuso moja tu. Unapiga klakson, unangoja. Mwenzako akijibu, unabana pembeni. Kukiwa kimya, unapita. Na kwangu siku hizi ni kimya kila kona!

Parking wananiita Zéro-Chute, asiyeangusha. Miaka kumi na moja, mimi Mbusa Ananie sijaangusha mtu. Ndiyo maana tangu mwezi wa tatu nabeba watu wa mjini tu. Nikiulizwa, nasema pneu, tairi la nyuma, imechoka.

Jumatano, 7 Juni

Balaa. Na imetoka nyumbani.

Mama mkwe wangu, Mama Kahongya, anaishi kwetu tangu mwaka jana, alipokimbia shamba lake la Mabalako. Analala nyumba ya jikoni, nyuma. Mwaka mzima tuko uwanja mmoja na hatujashikana mkono hata mara moja. Ndivyo tulivyolelewa: mkwe na mama mkwe hawagusani, hawali pamoja, hawaambiani neno uso kwa uso. Akiwa na jambo na mimi, anakiambia kitu kingine. «Weye sufuria, ambia mwenye nyumba makala iliisha.» Yaani makaa yamekwisha. Na mimi namjibu mlango.

Kwa hilo nina sifa mtaani! Wanawake wa kisimani wanasema, mkwe wa Mama Kahongya, njo mukwe, ndiye mkwe wa kweli. Mama akipaza sauti nyuma yake hageuzi hata shingo. Sigeuzi kwa sababu sisikii. Nusu ya heshima yangu ni ugonjwa, na hakuna anayejua, hata Kavira, mke wangu.

Sasa Kavira amekuja leo na ombi la Mama. Dada mkubwa wa Mama yuko Kasugho, alianguka, nyonga imevunjika, hatoki tena kitandani. Hawajaonana miaka sita, mara vita, mara ugonjwa, mara barabara. Mama anataka kwenda Jumamosi. «Na anataka weye njo umupeleke.»

Nikadhani nimesikia vibaya. Nilikuwa nimesikia vizuri sana.

Nikasema kuna gari la siku ya soko. Linamtapisha. Nikasema kuna motard wengine, waendesha pikipiki wamejaa mjini. Mmoja alimwangusha pale Musienene, mkono ukavunjika, na tangu hapo ameapa: atapanda tu kwa yule ambaye hajaangusha mtu. Zéro-Chute! Jina langu mwenyewe limenikamata.

Alhamisi, 8 Juni

Nimeamka na malaria. Malaria ya kununua, bila homa. Nikamwita Ibrahim aje anishike mkono. Ibrahim ni Mwislamu wa Beni, rafiki yangu wa parking, hawashi injini kabla ya kusema bismillahi, na mpole kwenye kona. Nikamwomba ampeleke Mama badala yangu.

Mama alikuwa anamenya viazi. Hakumtazama. Akamwambia kuku aliyekuwa anapita: «Weye kuku, ambia kijana ya batu arudie salama. Miye nitangojea malaria ya mukwe iishe. Niko na muda.» Kavira amenisimulia maneno hayo, mimi niliona kuku tu.

Ibrahim akacheka mpaka akashika ukuta. Akanisogelea sikio la kulia — ana tabia hiyo siku hizi, sijui kama amegundua — akasema ninamuogopa bokilo, yaani mama mkwe, kuliko makorongo ya Lubero.

Ningemwambia ukweli palepale. Mdomo ulifunguka kabisa. Kisha nikaona wateja wangu wote wanahamia kwake, nikaufunga.

Ijumaa, 9 Juni

Kikao cha wanawake kutwa nzima. Hoja: mimi na Mama tutaketi vipi? Kwenye mteremko abiria anamlalia dereva mgongoni, hakuna namna. Mama mkwe amlalie mkwe? Shangazi ya Kavira alifunika uso.

Uamuzi: gunia. Watalijaza blanketi, nguo na sabuni za mgonjwa, nalo litakaa kati yetu kama ukuta. Mama atashika kamba za gunia, si mimi. Wote wameridhika. Mimi pia nimetingisha kichwa kama mtu mwenye busara.

Nina mpango wangu. Ni kiangazi. Gari likija, vumbi linatangulia juu ya kona. Nitatazama vumbi. Nitakwenda polepole, polepole kabisa.

Sikio: kuvuma, kama jiko la makala linapopulizwa.

Jumamosi, 10 Juni. Kasugho

Tuko hai. Naandika hilo kwanza.

Tuliondoka jua limeshatoka. Mtaa mzima nje kutazama gunia. Mama mbele ya watu aliiambia pikipiki: «Piki, utubebe muzuri,» hilo nililisoma mdomoni, nikapiga klakson mara moja kuitikia. Watu wakafurahi.

Mpaka Musienene ukungu ulikuwa chini yetu. Mabonde yote yamejaa weupe, na vilele vinatoka juu kimoja kimoja, vyenye mikaratusi na moshi wa jikoni. Kisha jua likaufungua ukungu, ukaanza kuonekana mlima umekatwa vipande: pori la miti, viazi, maharage, kipande cha ngano kinang'aa, ng'ombe wamesimama kwenye mteremko utadhani wamegundishwa. Wanawake wanashuka na vikapu vya poaro, vile vitunguu vya majani marefu, majani yanatikisika juu ya vichwa vyao. Barabara inazunguka kilima, inarudi, unaiona chini yako ileile uliyopita dakika kumi zilizopita. Nilifurahi! Miezi mitatu mjini, matope na mapipa, nilikuwa nimesahau kwamba kazi hii naipenda. Naipenda kuliko ninavyosema.

Na vumbi lilifanya kazi yake. Kona baada ya kona niliona vumbi, nikabana, gari likapita. Nikaanza kujisifu. Kwenye kioo nilimwona Mama midomo inatembea. Anasali rozari, nikasema, vizuri, tuna ulinzi.

Lubero tuliposimama, alishuka upesi, akakimbilia choo cha soko bila kumuaga hata gunia. Aliporudi akanitazama. Mama mkwe hamtazami mkwe hivyo. Nikageukia kununua chapati, nikamwekea yake juu ya kiti, akala amenipa mgongo.

Baada ya Lubero tukakata kulia, kuelekea jua linakozama. Hapo kukaanza manyunyu. Kiangazi, na manyunyu! Juu kule mlima unafanya unavyotaka. Njia ikalowa, ikawa nyekundu na laini, na vumbi likaisha. Sikuwa na kitu tena. Si sikio, si vumbi.

Ningesimama. Hilo ndilo sitaki kuliandika, lakini hapa naandika kwa nani? Ningesimama, niseme. Badala yake niliendelea. Kila kona nilipiga klakson, nikahesabu mpaka tano, nikaingia.

Kona moja, baada ya daraja la miti. Kulia mlima, kushoto hakuna kitu, ni miti tu, vichwa vyake viko chini mbali. Nikapiga klakson. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Kimya. Nikaingia.

Gunia likanipiga mgongoni. Mkono ukanishika kola, mkono wa pili ukanishika sikio — sikio lenyewe, la kulia! — ukalivuta kwa nguvu kuelekea mlimani. Nikafuata sikio. Ungefanya nini? Tukaingia mtaroni, pikipiki ikalala, na Fuso la mbao likapita pale tulipokuwa, upana wa kiganja kutoka kwetu. Nilimwona dereva mdomo wazi, ananitukana mimi na ukoo wangu, bila sauti hata kidogo.

Hakuna aliyeumia. Gunia lilikuwa matopeni. Mama amesimama anatazama mikono yake, anaigeuza, kana kwamba imeshika kaa la moto.

Kisha akafanya kitu cha akili. Alipita nyuma yangu. Sijui alisema nini huko. Akaja mbele, mvua inatiririka kwenye kitambaa chake, akaiangalia pikipiki na kusema polepole, mdomo wote: «Weye piki. Ule anakuendesha, hasikiake?»

Nikaiambia pikipiki: «Piki, ambia mama, sikio moja ilikufa. Ingine nayo iko inakufa. Tangu mwezi wa tatu.»

Alikaa kwenye jiwe. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Alikuwa anafanya vyote viwili. «Mwaka muzima naambia batu, mukwe wangu iko na heshima. Kumbe ilikuwa masikio!»

Na kumbe hakusali rozari yoyote. Tangu Musienene alikuwa anaiomba pikipiki isimame ajisaidie. Nilitaka ardhi ifunguke.

Akaacha kucheka. Hapo akasema lingine, bado kwa pikipiki, na hilo lilinichoma: «Alijua. Na alinipandisha.» Nililia kidogo, mvua ilinisaidia kuficha.

Nilisema, nikitazama tairi, tusubiri hapa, nitamtafutia gari. Gari lipi? Mpaka siku ya soko. Na dada yake kule kitandani. Mama akaliinua gunia mwenyewe, akalifunga nyuma kabisa, juu ya chuma cha mizigo. Akaketi mahali pa gunia. Akaweka mkono begani pangu.

«Piki,» akasema, akiniinamia upande wa kulia, nikamsikia, «leo haiko mukwe. Leo iko mutoto wangu. Kesho tutaona.»

Tukapatana hivi: pigo moja begani, kuna kitu kinakuja. Mapigo mawili, pita. Na kila kona nilizima moto wa injini ili yeye asikie vizuri. Klakson, kuzima, kungoja. Pigo moja: nilibana, na kweli, baada ya muda pikipiki tatu zilitokea na magunia ya makala. Mapigo mawili: tulipita.

Sijawahi kuendesha hivyo. Mvua ilikatika, mlima ukatoa moshi, tukaanza kushuka kuelekea msituni, migomba ikarudi, hewa ikawa na joto kidogo. Mahali fulani alipiga mapigo mengi ovyo. Nikasimama kwa hofu. Alikuwa ananionyesha upinde wa mvua, mguu mmoja bondeni na mwingine kwenye shamba la kahawa la mtu.

Kabla ya nyumba za kwanza za Kasugho alinisimamisha. Akalirudisha gunia kati yetu, akaifuta mikono kwa kitenge, akashika kamba. Tukaingia kijijini kama watu wenye adabu.

Jumapili, 11 Juni. Kasugho

Jana sikuona walivyokutana, nilikuwa naosha pikipiki. Leo niliwaona kupitia dirisha. Mama amepanda kitandani kabisa, wamelala uso kwa uso, vibibi viwili, kila mmoja ameshika mashavu ya mwenzake. Midomo inatembea wote wawili kwa pamoja. Nani anamsikiliza nani? Nikaondoka dirishani.

Misa. Ngoma ya kanisa nimeisikia kifuani, si sikioni.

Nasifiwa kila mahali! Habari ya gunia imetangulia. Zorobabel, mtoto wa kiume wa mgonjwa, mtu mzima mwenye shamba kubwa, amenijazia chupa ya kasiksi, pombe ya ndizi, na kusema vijana wa sasa wanapakia mama wakwe kama viazi, lakini mimi, mimi najua. Nilikunywa nikitazama miguu yangu. Mama alikuwa karibu, anapepeta maharage. Angesema neno moja tu. Hakusema.

Jioni, nikiwa nakula peke yangu, alipita na sufuria tupu. Akasimama mahali ninapoweza kumwona mdomo. Akaiambia: «Weye sufuria, ambia mwenye piki. Miye sitasema, hata kwa Kavira. Iko kazi yake mwenyewe. Lakini asichelewe.» Akaenda zake.

Nimeandaa maneno ya kumwambia Kavira. Nimeyaandika ukurasa wa nyuma wa daftari, nimeyafuta mara tatu. Nikisema kwa Kavira, ni kwa Shangazi pia. Nikisema kwa Shangazi, ni parking. Basi, Zéro-Chute amekwisha. Na mimi sijui kazi nyingine. Nina diplôme iliyokunjwa ndani ya Biblia, na pikipiki.

Tunarudi kesho.

Jumatatu, 12 Juni. Kasugho, asubuhi

Bado hatujaondoka. Ukungu. Naandika nimesimama, daftari juu ya tangi la pikipiki, watu wanadhani naandika habari za mafuta.

Mambo yameharibika. Zorobabel alileta gunia. Limejaa tena: mchele, maharage, kuku wawili wamefungwa miguu juu yake. Kubwa kuliko tulilokuja nalo. Akaanza kulifunga kati, palepale pake. Niliona Mama anamwambia kitu. Zorobabel akacheka, akaendelea kufunga. Mama akafungua kamba. Zorobabel akafunga. Mama akafungua.

Gunia la ukubwa huu likikaa kati, mkono wake haufiki begani pangu.

Watu wamejaa uwanjani, karibu ishirini. Wamemtoa mgonjwa nje, ameketi kwenye kiti, amefunikwa blanketi letu, aage vizuri. Ameona. Ananyoosha kidole kwenye gunia, kisha mahali pake, katikati ya kiti cha pikipiki. Yeye ni mkubwa, akisema imekwisha.

Mama ameliburuta gunia chini, ameketi juu yake. Ameketi! Kuku wanapapatika. Hasimami.

Sisikii wanayosema, ni mvumo tu, lakini nyuso nazisoma. Mwanamke mmoja amefunika mdomo kwa kitenge. Mwingine anamnong'oneza jirani huku akinitazama mimi, kisha Mama, kisha mimi. Zorobabel hacheki tena, ameweka mikono kiunoni. Nimesoma mdomo wake: haya. Amemwambia mama yake mdogo hana haya. Na dada yake, yule aliyeshikwa mashavu jana, amegeuza uso kutazama migomba.

Mama angeweza kujitetea kwa neno moja. Ameniachia mimi.

Sasa mgonjwa amegeuka tena, anauliza. Kwa nini, anauliza, nimeona wazi. Nyuso zote zimemgeukia Mama. Mama hamtazami dada yake. Hanitazami mimi pia. Anaitazama pikipiki, na anasema polepole, mdomo wote, kama pale kwenye kona:

«Piki. Sema.»

Watu wanaiangalia pikipiki. Ufunguo ninao mkononi, na kalamu naiweka chini, niwaambie mwenyewe kwamba sisikii.